Mkebe wa Udongo Uliokwenda Nairobi

Nilikwenda Nairobi kwa sababu sikumwamini Baba Wambui. Naanza na hilo msije mkadhani nilikwenda kutembea. Wengi wenu mnaosoma haya mlikuwa mmeshaamua kwamba paa wetu ameliwa, mkawa mnabishana tu kuhusu mahali alipoliwa. Mimi nilikuwa sijaamua. Nilikuwa nashuku, na kushuku kunachosha kuliko kuamua, maana aliyeamua hulala.

Kwa asiyejua kisa: kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, wachuna chai wangu walimkuta mtoto wa paa katikati ya michai, hapa Chepseon. Mama yake hakuonekana, na mbwa wetu alikuwa ameshampasua sikio la kushoto. Paa ndiye mnyama wa ukoo wa marehemu mume wangu. Kila ukoo wetu wa Kipsigis una mnyama wake, na mnyama wa ukoo hapigwi wala haliwi. Nikamchukua nyumbani, nikamnyonyesha maziwa kwa chupa, nikamlaza na ndama. Nikamwita Chepkemei, jina tunalompa msichana aliyezaliwa kiangazi. Alikua akijidhania ndama. Nikiita ndama, naye huja. Nikiwawekea ng'enda, ule udongo wa chumvi tunaouchimba kando ya mto ili ng'ombe walambe, yeye ndiye wa kwanza kuingiza pua.

Kisha askari wa wanyamapori akaja. Akasema mnyama wa porini hafugwi nyumbani, ni kosa, na kwamba nje kidogo ya Nairobi kuna kituo kidogo cha kutunzia wanyama kama huyu. Gari lao lilikuwa bovu. Baba Wambui, mwenye duka pale sokoni na lori la kabichi, akajitolea: "Mimi naenda Nairobi kila wiki. Nipatieni, nitafikisha." Baba Wambui alitoka Nyeri akiwa kijana. Watoto wake wote wamezaliwa Chepseon, na Kipsigis chao ni kizuri kuliko Kiswahili changu. Tukampa. Alirudi akasema amefikisha, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona.

Shemeji yangu arap Koros, kaka wa marehemu, ndiye aliyeyaleta maneno hayo mbele ya ukoo. Alisimama baada ya ibada akasema: "Hiyo mnyama haikufika Nairobi. Iliuzwa kwa bucha ya njiani. Mtu anajua." Wazee wakakubaliana kwamba ikithibitika, hakuna mtu wa ukoo atakayemuuzia Baba Wambui kabichi wala kununua hata kiberiti dukani kwake, na afungashe aende kwao. Mnaikumbuka miaka ile. Sote tulijua neno "aende kwao" linaanzia wapi na linaishia wapi. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na nyumba zilizobaki kuta tu, na zilianza kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nikasema mimi nitakwenda kuona, kwa kuwa mimi ndiye ninayemjua Chepkemei. Wazee wakaridhika, hasa walipojua kwamba wao hawatatoa nauli. Baba Wambui mwenyewe alisema, "Panda lori yangu, Mama Cheruto. Uone kwa macho yako." Arap Koros akaninong'oneza kwamba mtu mwenye hatia ndiye hujitolea upesi. Lakini huyo arap Koros, kama Baba Wambui angekataa kunibeba, angesema mwenye hatia ndiye hukataa.

Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa sokoni. Nilikuwa nimevaa koti langu la arusi na mazishi, ambalo hukaa sandukuni na dawa ya nondo mwaka mzima, maana Nairobi haiendwi na sweta ya kuchunia chai. Mkononi nilikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, nimeufunga kwa leso. Ndani niliujaza ng'enda. Nilijua watu wa mjini wanaweza kunionyesha paa yeyote na kuniambia ndiye huyu, lakini paa yeyote hatakimbilia udongo wa mto wetu. Mama Wambui alisimama kwenye mlango wa duka. Tulizoea kusalimiana kwa kelele, lakini siku hiyo aliniamkia kwa sauti ndogo na hakuuliza habari za binti yangu Cheruto.

"Umebeba nini hapo, Mama Cheruto?" Baba Wambui aliuliza nilipopanda.

"Udongo."

Akautazama mkebe, akanitazama mimi, kisha akawasha injini. Nikajiambia: ehe, ameanza kuogopa. Nikauweka mkebe katikati yetu, juu ya kiti, ili nione atafanyaje.

Kuanzia Chepseon hadi Mau Summit barabara hupanda, na asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, magari yakiwasha taa. Baba Wambui aliendesha vizuri. Lakini kila alipobadilisha gia aliukunja mkono wake juu ya mkebe, usiguse hata leso. Nilihesabu hilo dhidi yake. Nilimwuliza Chepkemei alisafiri wapi siku ile. Akasema, "Hapo ulipokaa. Nyuma kulikuwa na baridi, nikamfunika na koti hii." Alikuwa amevaa lile koti lake la kahawia mnalolijua, lenye kiwiko kilichotoka nje. Nikafikiri, nani humpa mnyama kiti cha mbele? Jibu hilo lilikuwa tamu mno, nikalitilia shaka kama ninavyotilia shaka maziwa yasiyo na malai.

Kabla ya kuingia Nakuru kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari kijana mrefu alizunguka lori, akagonga turubai kwa rungu, kisha akaja upande wangu.

"Mama, hiyo ni nini umefunga kama mtoto?"

"Udongo."

"Udongo ya nini?"

"Ya kulamba."

"Nani analamba?"

"Ng'ombe," nikasema, kwa kuwa sikutaka kumweleza habari za paa.

Akatazama ndani ya lori, akatazama nyuma. "Na ng'ombe iko wapi?"

Hakungoja jibu. Alifungua mkebe, akanusa, akauchokoza kwa kidole, akakipangusa upesi kwenye suruali. Kisha akazunguka hadi kwa dereva akamwambia kwa sauti ambayo niliisikia vizuri: "Mzee, chunga huyu mama. Mtu hatoki Kericho na udongo kwa leso bure." Alitaka kumtania tu, lakini Baba Wambui hakucheka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na Nakuru haikuwa na joto hilo. Mimi nikatabasamu moyoni. Niliona hatia inamtoka kama mvuke.

Karibu saa tano tulipita Naivasha tukaanza kupanda kuelekea Kinungi. Hapo nilijikaza, maana maneno ya arap Koros yalitaja bucha ya njiani, na Baba Wambui alikata kona akaegesha mbele ya hoteli yenye bucha. Mwenye bucha, mtu mnene mwenye aproni yenye damu, alitoka nje mikono miwili imenyooshwa. Alisema kwa Kiswahili kwa sababu aliniona mimi: "Karibu, karibu! Leo umeniletea ile kitu?"

Baba Wambui alimkonyeza. Niliona, nami si kipofu. Akamjibu chini chini, "Ngoja kwanza mama akunywe chai."

Nilipelekwa mezani nikapewa chai. Ngoja niseme neno kuhusu chai hiyo. Sisi ndio tunaochuna majani mawili na chipukizi kwa vidole vilivyopasuka, na nilichopewa Kinungi kilikuwa maji ya kahawia yenye vumbi chini. Sijui majani yetu mazuri huenda wapi. Nyama nilikataa. Nilisema nimefunga, Mungu anisamehe. Walipodhani nimetulia, nilinyanyuka nikapitia mlango wa jikoni hadi nyuma ya lori. Nikawakuta Baba Wambui na mwenye bucha wameinua turubai, wanavuta kitu kizito kati ya kabichi.

"Ni nini hiyo?" nikauliza kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Wote wawili walishtuka. Baba Wambui alisimama hapo, mzee wa kanisa, mweka hazina wa ujenzi wa paa jipya la kanisa, mwenye kusoma neno kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akiwa amekumbatia debe. Aliliweka chini. Nikalifungua mwenyewe. Ndani ilikuwa asali yetu ya msitu wa Londiani, nyeusi na nzito.

"Ni ya muratina," alisema, macho chini. "Yeye hupikia wazee pombe ya mahari. Mama Cheruto, tafadhali. Mchungaji asijue."

"Na paa?"

"Paa gani?" aliuliza mwenye bucha.

Sikujua nicheke au nikasirike. Kumbe kule kukonyeza kote kulikuwa kwa ajili ya asali. Lakini shaka haifi kirahisi hivyo. Nilijiambia kwamba anayeficha debe moja anaweza kuficha mawili. Habari za asali sikuwaambia wazee, na nazisema leo kwa sababu mchungaji yule ameshastaafu na Baba Wambui mwenyewe amenipa ruhusa huku akicheka.

Limuru nilinyamaza kuangalia chai ya wenzetu. Ni nzuri, ila wanaiacha inarefuka kabla ya kuikata, na mchunaji mfupi kama mimi angepotelea humo. Baba Wambui aliponiona naangalia alisema, kwa mara ya kwanza tangu Nakuru bila kuulizwa, "Mama yangu alichuna hiyo chai. Mimi nilizaliwa Nyeri lakini njaa ilituleta hapa, halafu ikanipeleka kwenu." Nikasema mm. Sikutaka anilainishe.

Nairobi tulishusha kabichi sokoni, kazi iliyonichosha kuliko safari, kisha tukatoka mjini kwa barabara ya kuelekea Ngong. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya ua wa miti ya kei, na mtu anayetegemea kuona mbuga angefikiri amekosea njia. Langoni walinitaka nilipe kiingilio. Ndani, jambo la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa ngiri. Nilisimama mbele ya ngiri huyo nikiwa na uchungu. Ndugu zake hula mahindi yangu kila msimu bila kulipa chochote, na hapa mimi nimelipa kumtazama. Mbele yake watoto wa shule waliovaa sare za kijani walikuwa wakimrushia tumbili njugu, naye alizidaka. Kwetu tumbili hurushiwa mawe, naye hukwepa. Niliona kwamba tumbili wa Nairobi wamefunzwa upande mwingine wa kazi hiyo hiyo.

Mtunzaji wa wanyama aliitwa Bwana Mutua, mtu mkimya mwenye buti za mpira. Baba Wambui alimweleza tumekuja kwa nini. Bwana Mutua alikuna kidevu.

"Aliyepokea wanyama wakati huo aliacha kazi," akasema. "Mimi nilikuja juzi juzi. Paa tuko nao. Wengine walikufa na baridi. Wengine wametoka nje ya ua, hawa wanaruka. Sijui yenu ni gani."

"Kwa hivyo hujawahi kumwona huyu mzee?"

"Sijawahi."

Nilimgeukia Baba Wambui. Nawaambia ukweli wangu wa dakika ile: nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayowaambia wazee, na maneno hayo hayakuwa mazuri kwake.

Tulipelekwa kwenye boma lenye vichaka vingi na ua wa waya. Paa hawakuonekana. Paa ni mnyama wa kujificha, na watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele. Nilipofungua mkebe wangu Bwana Mutua aliniwekea mkono mbele.

"Hapana, mama. Hiyo ni nini? Watu walishawahi kuwapa wanyama sumu hapa."

"Ni udongo wa chumvi."

"Onja wewe kwanza."

Nikachovya kidole, nikalamba mbele yake. Una ladha ya mvua na chuma, na mtoto yeyote wa kwetu ameulamba akichunga. Bwana Mutua akafungua mlango wa waya. Nikaingia, nikachuchumaa, nikanyoosha kiganja chenye udongo, nikaita kama ninavyoita ndama zangu jioni. Niliita kwa ulimi, kisha kwa jina. "Chepkemei! Chepkemei!" Watoto wa shule wakaanza kuniiga. Niliita hadi magoti yakaniuma. Kichaka kimoja kilitikisika, nikaona pua nyeusi, kisha pua ikarudi ndani. Hakutoka paa hata mmoja.

Nilisimama. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na huzuni, kwa sababu nilimpenda yule mnyama. "Baba Wambui," nikasema, "hayuko hapa. Sema ukweli. Ulimpeleka wapi?"

Alikuwa akiutazama mkebe. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

"Huo udongo ni wa plot yangu?"

"Ati nini?"

"Mliuchimba kwangu? Arap Koros aliuchimba kwangu? Niambie tu, Mama Cheruto. Tangu asubuhi nimekaa na hiyo kitu karibu na mguu wangu. Kwetu mtu akiapishwa kwa udongo na amedanganya, udongo unammaliza. Na akiletewa udongo wa mahali anaishi, anajua anatolewa hapo. Mke wangu aliona ile leso akajua. Amebaki analia."

Nilimtazama yule mtu mzima. Kumbe jasho la Nakuru lilikuwa la jambo hili. Kumbe ndiyo sababu ya mkono ule uliokunjwa juu ya mkebe. Mimi nilikuwa nimebeba chumvi ya ng'ombe, naye akaendesha lori kutoka Chepseon hadi Nairobi akiamini amekaa kando ya kifo chake. Na bado aliendesha. Angeweza kuutupa mkebe dirishani nilipokuwa Kinungi nikinywa ile chai mbaya.

"Ni wa mtoni," nikamwambia. "Ni ng'enda. Ni wa Chepkemei kulamba."

Sijui kama aliniamini. Kwa nini aniamini, wakati mimi sikumwamini yeye? Aliingia ndani ya ua, akavua kofia. "Nipe," akasema. Nikammiminia udongo kwenye kiganja. Akasema kwa sauti ya kusikika, si kwangu, wala si kwa Bwana Mutua: "Kama niliuza huyo mnyama, au nikamla, udongo huu unimalize mimi na nyumba yangu na Wambui wangu." Kisha akachuchumaa na lile koti lake la kiwiko kilichotoka, mkono mbele, macho amefumba.

Watoto wa shule walikuwa wameitwa kwenda kula. Kukawa kimya. Kile kichaka kikatikisika tena, pua ikatoka, kisha kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka kutoka ncha hadi katikati.

Alikuwa amenenepa. Hakuja kwangu. Alipita mbele yangu, akanusa hewa ya koti langu la dawa ya nondo, akapiga chafya, akaenda moja kwa moja kwa Baba Wambui. Alinusa kwanza mkono wa lile koti la kahawia, kwa muda, akipitisha pua hadi kwenye kiwiko. Kisha akashusha kichwa kwenye kiganja akaanza kulamba. Baba Wambui alifumbua macho, hakusogea. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke.

Niliona wivu. Nilimlea mimi, kwa chupa, nikiamka kumtazama kama homa imeshuka, naye amekwenda kwa mtu wa lori. Lakini palepale niliona kitu kingine. Mnyama hulikumbuka koti lililomfunika akiwa na baridi. Hawezi kulikumbuka kwa safari ya kwenda kwenye bucha. Nilivua koti langu nikalitupa juu ya ua, nikachuchumaa karibu nao nikiwa na blauzi tu, nikaita tena polepole. Chepkemei aliinua kichwa, akanitazama, akalamba kidole changu kimoja, kile nilichokuwa nimekichovya kwenye udongo. Nikalia hadi Bwana Mutua akaondoka kwa heshima.

Usiku ule tulilala Limuru kwa dada yake Baba Wambui, mama mcheshi aliyenipa irio ya viazi na mahindi, na kitanda chake mwenyewe. Nilikula bila kuchungulia sufuria. Asubuhi tulipakia sabuni na sukari za dukani, tukaanza kurudi. Mkebe ulikuwa katikati yetu kama mwanzo, umebaki nusu na zaidi. Karibu na Gilgil, lori lilipoingia shimo, Baba Wambui aliushika kwa mkono mmoja usipinduke, kisha akaendelea na maneno yake kuhusu bei ya kabichi.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikutana kwenye banda la kununulia chai, kwa kuwa Jumapili majani hayapimwi na benchi ziko. Baba Wambui hakualikwa. Duka lake lilikuwa limefungwa, na nilijua mkewe yuko ndani na masanduku. Mwanamke hasemi kwenye kikao cha wazee ila aitwe, na safari hii niliitwa. Nikawaeleza nilivyoona: sikio lililopasuka, koti, udongo, machozi. Nilidhani nitapigiwa makofi.

Arap Koros alisafisha koo. "Shemeji, ulienda na lori ya nani?"

"Ya Baba Wambui."

"Ulilala kwa nani?"

"Kwa dada yake."

"Chai ya njiani, nani alilipa?"

"Yeye."

Akawageukia wazee, mikono amefungua. "Mmesikia. Mama amelishwa."

Na wazee wakaguna. Nawaambia, hakuna siku nimewahi kuumia hivyo. Niliwaona watu ninaowajua tangu niolewe wakinitazama jinsi nilivyomtazama Baba Wambui njia nzima, kila neno langu likigeuzwa kutafutwa upande wa chini. Ningesema nini? Yule paa hakuwa nami. Shahidi wangu pekee aliyekuwa karibu ndiye mshtakiwa.

Nilikuwa na mkebe tu. Nikafungua leso. Nikasema: "Huu ni ng'enda wa mto wetu, mnaujua wote. Mimi niliyemlea paa nimeulamba, na paa mwenyewe ameulamba." Nikachovya, nikalamba. "Kama nimelishwa, kama nimedanganya jambo moja kuhusu Chepkemei, ng'ombe zangu zikauke na mimi nizikwe nazo. Sasa, shemeji, wewe ulisema mtu anajua. Mtu huyo aliona. Lamba na wewe, useme mbele yetu ulimwona Baba Wambui akiuza mnyama wa ukoo."

Nikamkabidhi mkebe.

Arap Koros aliutazama. Mizani ilikuwa ikining'inia tupu juu yetu. Alikohoa. "Mimi sikuona," akasema. "Mimi niliambiwa." Akampa aliyekaa kando yake. Naye akasema aliambiwa. Akampa wa pili. Mkebe ulipita benchi ya kwanza, ukapita ya pili, kila mtu akiupokea kwa mikono miwili na kuupitisha haraka, kila mtu aliambiwa, na aliyewaambia ni yule aliyekaa kando yake. Ulizunguka banda zima ukanirudia mimi. Nikatazama ndani. Alama pekee kwenye udongo ilikuwa ya kidole changu.

Hakuna aliyetamka hukumu. Mzee mmoja alisema mvua inakuja, wakaondoka.

Nimeulizwa nilijifunza nini Nairobi. Nilijifunza kwamba kushuku hakuna nauli. Unaweza kumshuku mtu ukiwa umekaa jikoni kwako, ukampeleka hadi kwenye bucha na ukamla paa mzima bila kuinuka. Kumwamini ndiko kulikonigharimu safari, na hata niliporudi sikuwa na cha kuonyesha. Mimi bado ni mtu wa kushuku, wala sijabadilika sana. Ila sasa nikisikia "mtu anajua," nauliza mtu huyo yuko wapi, na kama anaweza kulamba.

Jumatatu asubuhi nilipita sokoni na maziwa yangu. Duka la Baba Wambui lilikuwa wazi, Mama Wambui akanisalimia kwa kelele hadi wenye kibanda cha jirani wakatoka. Lori lilikuwa linapakiwa kabichi za safari ya wiki hiyo. Arap Koros alikuwa amesimama karibu na mlango wa dereva, akiangalia pembeni kama mtu anayengoja mvua ipite. Mkononi alikuwa na mkebe uliofungwa kwa kitambaa.

"Mpelekee yule mtoto," alisema, akiuinua hadi dirishani. "Na ukirudi, uniambie kama alilamba."

Baba Wambui aliupokea kwa mikono miwili, akauweka kwenye kiti cha mbele.